Dobi Aliyenyoosha Jicho la Nyoka

Kabla sijaanza, ieleweke kwamba mimi nyoka siwaogopi. Tunaheshimiana. Nyoka akikaa upande wake wa chumba, mimi nakaa upande wangu, juu ya kiti, nimesimama, na hapo kila mmoja amempa mwenzake haki yake. Wanaosema kwamba siku ile nilipiga kelele ni mahasidi tu, na kiongozi wao ni dada yangu wa tumbo moja.

Lakini habari hii si yangu. Yangu ni ndefu na ina ushujaa mwingi, nitaiandika nikipata karatasi ya kutosha. Hii ni ya shemeji yangu, mume wa huyo dada, dobi ambaye mji mzima unamwita Mstari. Jina alilopewa na wazazi wake limebaki kwenye kitambulisho na halina kazi nyingine. Mstari ni ule wa suruali. Suruali ikitoka mikononi mwake, mstari wa mbele unasimama wima hivi kwamba ukikaa kwa pupa unaweza kujikata goti.

Kazi alijifunza akiwa kijana mwembamba, kwa pasi ya mkaa, chini ya dobi mzee mwenye jicho kali na kofi jepesi. Yule mzee hakuwa mtu wa maneno. Alimwachia mambo mawili tu ya kushika. La kwanza, nguo mbichi haikunjwi. Ukiingiza kabatini kitu chenye unyevu, umeingiza ukungu, na ukungu hauli shati moja, unakula kabati. La pili, ukiunguza nguo ya mtu, umwambie mwenyewe mlangoni, kabla hajaikunjua. Usimwache aende nayo akakutane na kovu akiwa peke yake chumbani.

Hilo la pili ndilo lililomjengea jina. Kuna mwaka aliunguza joho la hakimu. Si shimo, ni alama tu ya rangi ya chai, chini ya kiwiko, mahali ambapo mimi ningelikunja vizuri, nikaliweka chini ya mengine, nikasali. Yeye alisimama mlangoni ameliweka mikononi kama mtoto mgonjwa. "Mheshimiwa, nimekuunguzia. Hapa. Kosa ni langu." Hakimu alitazama alama, akamtazama yeye, akasema tangu aanze kukalia kile kiti hajawahi kumsikia mtu akianza na maneno hayo. Mpaka leo nguo zake hazipelekwi kwingine.

Binti yao alikulia chini ya meza ya pasi. Tulimwita Kifungo, kwa sababu alipokuwa akitambaa kazi yake ilikuwa kuokota vifungo sakafuni, na kazi ya mama yake ilikuwa kuvitoa mdomoni. Alipojua kusema, alijipa cheo. Mteja wa nguo iliyoungua akikanyaga kizingiti, mtoto anachomoza kichwa chini ya meza na kutangaza, "Baba kaunguza!" kabla baba mtu hajafungua mdomo. Wateja walicheka, Mstari naye alicheka. Alisema yule ndiye katibu wake wa mambo ya ukweli.

Nimeeleza hayo mapema ili baadaye msiniulize maswali.

Kifungo akakua, akasoma kuliko ukoo mzima ukijumlishwa, mimi nikiwemo na madarasa yangu machache. Akapata kazi ya kupima damu maabara. Na huko kazini, mwenzake mmoja aliyekuwa anahamia mbali akamwachia nyoka.

Chatu. Msishtuke, si wale wa kumeza mbuzi. Ni wale wafupi, wanene, wenye mabaka ya kahawia na manjano, ambao wakiogopa hawaumi, wanajiviringa kuwa mpira na kuficha kichwa katikati. Kifungo aliingia nyumbani naye akiwa ndani ya sanduku la kioo, akaliweka chumbani kwake. Dada yangu alikaa sebuleni siku nzima na mwavuli mkononi. Mstari alitazama kioo, akasema, "Huo mkanda wako usije ukatoka humo." Basi nyoka akapata jina. Mkanda.

Chakula cha Mkanda kilikuwa panya waliogandishwa, kwenye friji ya dada yangu. Siku moja nilifungua kutafuta barafu nikawakuta wamepangwa kama viatu dirishani mwa duka. Tangu hapo nakunywa maji ya kawaida, na watu wa afya wanasema nimefanya vyema.

Sasa, ikafika siku Kifungo akapata uhamisho. Mji mwingine, hospitali kubwa zaidi, na bweni la wafanyakazi ambalo hata paka haruhusiwi. Alikuwa ameshampata mtu wa kumlea Mkanda, mama mmoja wa kule maabara anayewajua nyoka kama mimi, fundi wa kufuli, ninavyozijua kufuli. Kila kitu kilikuwa tayari. Ni Mstari aliyeharibu.

"Umpe mtu baki?" akasema. "Mimi nimekulea wewe, uliyekuwa unameza vifungo, nitashindwa na mkanda?"

"Baba, wewe humpendi."

"Nani kasema simpendi? Hatujazoeana tu."

Mimi nilikuwepo nakunywa chai, na nilimwelewa. Kwa dobi, mtu aliyeacha koti lazima arudi. Yule bwana hakuwa anatafuta nyoka. Alikuwa anatafuta kitu cha binti yake cha kuweka kwenye rafu.

Kifungo akakubali. Akamkalisha baba yake, akamweleza polepole, kama yeye ndiye mama. Sanduku lisikauke. Kila jioni alinyunyizie maji. Nyoka anapokaribia kujivua gamba, macho yake hugeuka kama yametiwa maziwa na ngozi hufifia. Hapo asishikwe, awekewe taulo bichi ndani ya kopo lake la kujifichia, aachwe. Akipata unyevu, gamba litatoka zima, kama soksi.

"Na likitokea lolote, baba, nipigie. Lolote."

"Nitakupigia."

"Usiniambie 'tumeshalimaliza'. Nipigie kabla."

"Wewe mtoto, unanifundisha mimi kusema mlangoni?"

Wakacheka wote wawili. Akaondoka.

Mwanzoni Mstari alimlisha Mkanda kwa koleo la jikoni, uso umegeuka upande. Baadaye koleo likabaki jikoni. Baadaye tena, nikaingia dukani nikamkuta shemeji anapiga pasi mashuka huku nyoka amezunguka shingoni ndani ya kola, kichwa kimetokeza karibu na sikio kama mshona nguo anayenong'ona vipimo.

"Shemeji," nikamwambia, nikiwa nimesharudi barabarani, "hiyo tai imekubana."

"Anapenda joto," akasema. "Na ananyamaza. Ungejifunza kwake."

Wateja wawili watatu walipungua, wakarudi, wakaanza kuleta watoto wamwone. Akikata uzi anamwambia Mkanda. Akimaliza koti gumu analigeuza upande wa Mkanda, alikague. Dada yangu alinilalamikia kwamba ameolewa miaka yote hii hajawahi kuonyeshwa koti.

Mapenzi yakifika hapo, ndugu zangu, ndipo yanapoanza kujua zaidi kuliko maelekezo.

Asubuhi moja alipokuwa anasafisha sanduku, aligeuza kipande cha gome ambacho Mkanda hulalia, akaona chini yake vidoa vyeusi. Ukungu. Mimi na nyinyi tungesema, aah, ukungu, tungefuta, basi. Lakini kwa Mstari neno hilo ni kama moto kwa mwenye kibanda cha makuti. Alisikia sauti ya yule mzee wake kutoka kaburini. Nguo mbichi haikunjwi! Na yeye alikuwa amekikunja kiumbe cha mwanawe ndani ya unyevu, kila jioni, kwa mkono wake mwenyewe.

Akatoa gome, akatoa taulo, akafuta kioo kikalia. Akatandika magazeti makavu. Kisha akabeba sanduku zima, akalipandisha kwenye rafu ya juu ya meza ya pasi, pale ambapo joto hupanda siku nzima, pale anapomalizia makoti ya sufu.

"Hapo," akaniambia, amefurahi kweli, "hata blanketi la jeshi linakauka."

"Kifungo si alisema maji?"

"Kifungo ni mtoto wa maabara. Unyevu mimi naujua kabla hajazaliwa."

Basi Mkanda akakaa kavu, safi, na joto. Alipendwa kuliko nyoka yeyote niliyewahi kusikia, na kila siku alikuwa anageuka karatasi.

Macho yakaingia maziwa. Mstari akaona, akafurahi, akaniita nije nishuhudie nyoka akivaa upya. Maziwa yakaondoka. Tukangoja soksi. Haikuja. Ngozi ikawa na rangi ya majivu, ikapasuka puani, ikapasuka ubavuni, ikagoma hapo hapo. Mkanda akawa anajisugua kwenye kioo, anarudi, anajisugua tena, na vipande vimemganda mwilini kama bandiko la zamani ukutani. Chakula alikataa. Na akishikwa, akawa anashtuka, yeye ambaye alikuwa analala shingoni.

Kazi yangu mimi ni kufuli. Mtu akipoteza ufunguo ananiita, na hakuna mlango mji huu uliowahi kunikatalia, ukiacha wa shule, na ule sikuusukuma sana. Lakini siku hiyo nilijaribu kuufungua mdomo wa shemeji yangu nikashindwa.

"Mpigie mtoto," nikamwambia.

"Nimwambie nini?"

"Kwamba umemkausha nyoka wake."

"Hajaungua, shemeji. Amekwama tu. Kilichokwama kinalainishwa."

Dada yangu akatokea na taulo begani. "Baba Kifungo, mficha maradhi kifo humuumbua. Piga simu."

"Nitapiga akishatoka vizuri. Nimpigie mtoto yuko kazini, na sindano mkononi, nimtie hofu ya nini?"

Hapo tukamwachia, kwa sababu mikono ile ilikuwa imeshaanza kazi, na mikono ya Mstari ikianza kazi hata mke wake hanyanyui sauti.

Na aliifanya vizuri, nisimdhulumu. Alijaza beseni maji ya uvuguvugu, akayapima kwa upande wa ndani wa kifundo cha mkono, kama ya kumwogesha mtoto mchanga, yasifike zaidi ya nusu ya unene wa nyoka. Akamlaza humo, akafunika kwa kitambaa chepesi, akakaa kando yake anazungumza. "Tulia baba. Tulia. Hakuna haraka, si suti ya harusi." Maji yakipoa anaongeza. Kisha akalowesha taulo, akalikamua, akalishika kwa viganja viwili kama bomba, akamwachia Mkanda apite katikati, taratibu, ajivue mwenyewe kwa kujisugua. Mkanda akapita. Upande wa pili akatokea na kipande cha mgongo kikiwa kipya, mabaka yanang'aa kama kiatu cha askari.

Akampitisha tena, na tena. Vipande vikabaki kwenye taulo, vyembamba, vimechorwa vigamba vigamba kama lesi. Kwenye ncha ya mkia palibaki pete ya gamba kuukuu, imebana. Hapo Mstari alilowesha kidole gumba, akaisukuma kidogo kidogo, kwa subira ambayo mimi ningeshalala, mpaka ikateleza ikatoka. Hapo ndipo Mkanda aliponyoosha kichwa upande wangu, na hapo ndipo inapodaiwa kwamba nilipiga kelele.

Alikuwa amemaliza. Angeishia pale, leo ningekuwa naandika habari ya kumsifu.

Yalibaki macho. Nyoka hana kope. Jicho lake limefunikwa na kioo chembamba cha ngozi, na gamba likitoka, ule utando wa juu hutoka pamoja nalo. Jicho la kulia lilikuwa na utando umebaki, unaonekana wazi, umeinuka pembeni. Jicho la kushoto lilikuwa na mkunjo. Ni mstari mdogo tu, kama wa kucha kwenye hariri.

"Yaache," dada yangu akasema. "Kifungo alisema asishikwe sana. Muulize kwanza."

Mstari akafungua droo, akatoa kile kibano kidogo anachovutia nyuzi chini ya kola. Akalowesha jicho la kulia kwa pamba, akangoja, akashika ukingo wa ule utando, akavuta. Ukatoka, mwepesi kama ganda la kitunguu. Chini yake jicho likawa jeusi, safi, linang'aa. Alinigeukia na uso ambao nimeuona mara chache: wa mtu aliyeokoa nguo ya mteja dakika ya mwisho.

Laiti lile la kwanza lingegoma. Mtu hapotezwi na kushindwa, hupotezwa na kufaulu kidogo.

Akageuza kichwa cha Mkanda, akashika la kushoto. Na pale hapakuwa na utando. Ulikuwa umeshatoka na kipande cha gamba la uso, tulikuja kukiona baadaye kwenye taulo. Jicho lilikuwa limejikunja tu kwa ukavu, na kwa maji na siku chache lingejaa lenyewe. Lakini Mstari ni mwanamume aliyeishi umri wake wote akiondoa mikunjo. Ungemwonyesha mkunjo kwenye uso wa mwezi angeomba ngazi. Aliuona, na mkono wake haukujua namna ya kuuacha.

Akavuta. Mkanda akajikunja wote kwa mara moja, kama uliyemkanyaga, akawa mpira, akaficha kichwa. Kwenye kibano palikuwa na kitu kibichi.

Pasi ilikuwa bado imewashwa, inatoa mvuke peke yake. Dada yangu akaenda kuizima.

Daktari wa wanyama, aliyezoea ng'ombe na mbwa, alimtazama Mkanda kwa adabu. Akasafisha, akatoa dawa ya kupaka, akasema ataishi, ila jicho hilo tusilitegemee. Kisha akauliza, si kwa ubaya, "Nani aliyevuta?"

"Mimi," akasema Mstari, pale pale, wima.

Mnaona? Kwa daktari alisema mlangoni. Kwa mtu asiyemjua.

Jioni ile Kifungo akapiga simu, kama kawaida yake. Mimi nilikuwepo, nyumba ile ina chai nzuri.

"Baba, Mkanda hajambo?"

"Hajambo, mwanangu."

"Ameshajivua?"

"Ameshajivua."

"Limetoka lote?"

"Halikubaki hata kipande."

"Wewe kweli ni fundi, baba!"

Kila neno lilikuwa la kweli, na uongo umekaa katikati yake kama pini kwenye kola ya shati jipya. Alipokata simu, nikamtazama. Akasema, "Nitamwambia akija. Mambo haya ni ya uso kwa uso." Nikamjibu kwamba hakimu hakuambiwa kwanza kwamba joho lake halijambo. Akachukua shati, akaanza kulinyoosha. Shati lile lilikuwa limeshanyooshwa.

Ikawa hivyo kila jioni. Simu inalia, hajambo, hajambo, anakula, anakula. Na Mkanda kweli alianza kula. Unyevu ulirudi sandukuni, gome likarudi, ukungu ukafutwa kama nyumba nyingine zinavyofuta ukungu. Lile jicho likawa jeupe, kama kifungo cha shati la shule. Ukimjia upande huo alishtuka, kwa hiyo Mstari akajifunza kumjia kulia, na kukohoa kwanza, ingawa nyoka hana masikio ya maana. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Shemeji yangu, binti yake hajaolewa, na mjukuu ameshampata.

Kifungo akaja likizo.

Aliingia na begi moja na kelele nyingi, akamkumbatia mama yake, akanigeukia. "Mjomba! Bado unapanda viti?"

"Mimi nilikuwa nabadilisha taa, mpwa wangu."

"Mchana?"

"Taa haina saa."

Akacheka, akamkumbatia baba yake, akaona kitu usoni mwake lakini akadhani ni uchovu. Kisha akaelekea kwenye sanduku.

Sasa nitasema nilichokiona, na kwa mara moja sitaongeza chumvi. Mstari alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha pasi. Njia ya kufika sandukuni ilipita mbele yake. Binti alimpita karibu hivi kwamba mkono wa gauni lake uligusa shati lake. Nikamwona anafungua mdomo. Nikamwona anaufunga. Na mlango ukawa umeshapitwa.

Kifungo akafunua, akaingiza mkono upande wa kushoto. Mkanda akaruka nyuma, akajiviringa. "Wewe, umenisahau?" akasema, bado anacheka. Akamnyanyua, akangoja kwa subira mpaka yule mpira ukalegea na kichwa kikatoka. Akakigeuza kwenye mwanga wa dirisha.

Akaliona lile jicho jeupe.

"Lini?" akauliza.

"Siku ile alipojivua," akasema Mstari.

"Siku niliyokuita fundi."

"Mwanangu, anakula. Daktari alimwona. Anatembea, hana shida, ni jicho moja tu, mimi niliona mkunjo, nikadhani..."

"Baba." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza. "Jicho ni bahati mbaya. Hata wenye ujuzi wanakosea hapo. Ungenipigia ningekuambia uliache, na hata kama ungenipigia baadaye ningelia, nikanyamaza." Akamrudisha Mkanda sandukuni, polepole, upande mzuri ukiwa nje. "Joho la hakimu ulisema mlangoni. Mimi umeniacha nikunjue mwenyewe."

Nilikuwa na maneno tayari. Mimi huwa na maneno kila wakati. Nimewahi kuchekesha hata wenye msiba. Niliyatafuta yote nikakuta hakuna hata moja linaloingia kwenye kufuli ile. Nilikuwa nimesema tangu mwanzo apige simu, nilikuwa sahihi kama kawaida yangu, na usahihi ule haukunisaidia hata kumaliza chai.

Mchana wote Mstari alipiga pasi. Alifungua begi la binti yake, akanyoosha kila kilichokuwemo: magauni, koti jeupe la maabara, suruali, soksi, hata kitambaa cha kufutia miwani. Kifungo alimwacha. Alikaa uani na mama yake wakichambua mboga, wakaongea habari za kazi na za majirani, kwa sauti ya kawaida kabisa. Ukipita barabarani ungesema, nyumba gani hii yenye amani.

Alipoondoka, aliondoka na Mkanda, kwenye mfuko wa kitambaa uliofungwa vizuri, na chupa ya maji ya moto imezungushiwa taulo pembeni. Alimpeleka kwa yule mama wa maabara, ambaye alikusudia kumpa tangu mwanzo. Akamuaga baba yake kwa heshima, akamshika mkono kwa mikono miwili. "Asante kwa kumtunza, baba." Na alimaanisha, ndilo lililokuwa baya.

Sanduku la kioo alilibeba. Kwenye rafu palibaki mstatili msafi usio na vumbi. Dada yangu alitaka kupanga mashuka pale. Mstari akasema rafu hiyo ina joto sana.

Siku hizi shemeji yangu amegeuka mtu wa simu. Anampigia binti yake kumwambia amevunja kikombe. Anampigia kumwambia alichelewa kumpeleka mama yake kwa daktari wa meno, kosa lake, alisinzia. Anampigia kumwambia ameunguza shati la mwalimu, kwenye mkia, na mwalimu ameshaambiwa. Kifungo anasikiliza. "Sawa, baba," anasema. "Hakuna shida, baba." Ni binti mwema, hamkatii simu. Lakini yeye habari zake siku hizi ni fupi. Kazi nzuri. Afya nzuri. Hajambo, hajambo.

Mara moja alipiga yeye. Mkanda alikuwa amejivua kule kwa yule mama.

"Zima, baba. Kama soksi."

"Na macho?"

"Tando zimetoka nalo. Zote mbili, hata upande ule."

"Yenyewe?"

"Yenyewe."

Mstari akaweka simu mezani. "Yenyewe," akaniambia mimi, kana kwamba sikusikia. Nikasema ndiyo, shemeji, nimesikia.

Kifungo bado huja likizo. Anakaa, anacheka, ananitania juu ya viti, anamletea baba yake sabuni nzuri ya huko. Ila begi lake likifunguliwa, kila kitu ndani kimeshapigwa pasi. Kapiga mwenyewe, na jamani, hajui. Msichana aliyekulia chini ya meza ile, suruali yake ina mistari miwili, sambamba, kama reli.

Mstari anaiona. Mimi huwa namtazama anavyoiona. Mkono wake unainuka kidogo, unafika ukingo wa meza, unatulia hapo. Anaiacha.